Sindano ya pili ya mama wa Bulengo

GOMA – Siku ya Ijumaa tarehe 3 mwezi wa kwanza 2025, mama mmoja wa miaka 34 alitoka katika kambi ya wahami ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, kabla jua halijachomoza. Alimwachia binti yake mkubwa sufuria ya uji, akawaambia majirani kwamba anaenda mjini kutafuta nguo za kufua. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia kila baada ya miezi mitatu. Majirani waliamini, kwa sababu wamama wengi wa kambi waliishi kwa kufua nguo za watu, kubeba mizigo na kuuza makala.

Siku hiyo hakuwa anaenda kufua. Alikuwa anaenda hospitalini kuchukua dawa zake za ARV, zile za kuzuia virusi vya SIDA. Jina lake halitatajwa hapa, wala la hospitali, na sababu itaonekana wazi kadiri habari inavyoendelea.

Mama huyu ni mtu wa Masisi. Alifika Bulengo mwezi wa pili 2024, wakati mapigano yalipokaribia kijiji chake na barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Alikuja na watoto watatu. Bwana yake alikuwa amekwisha kufariki. Habari ya virusi aliijua wakati wa mimba ya mtoto wa mwisho, alipopimwa damu kama wamama wote wenye mimba wanavyopimwa. Alianza dawa siku hiyo hiyo, na mtoto alizaliwa mzima. Tangu hapo hajawahi kuruka kidonge hata siku moja, hata usiku ule wa kukimbia. Chupa ya dawa aliifunga ndani ya kitenge, kiunoni, chini ya nguo nyingine zote.

Kambini hakuna aliyejua. Aliyeishi Goma au kwenye kambi za pembeni yake anaelewa ugumu wa kutunza siri pale. Vibanda vya bashi vilikuwa vimebanana hivi kwamba jirani akikohoa usiku, ulijua ni nani. Mtoto akilia, ulijua analilia nini. Dawa alizimeza gizani, kwa mate, asije akasikika akimimina maji saa ambayo watu wote wamelala.

Katika kambi za namna hiyo ndipo ugonjwa wa Mpox ulipoingia.

Mpox si ugonjwa mgeni katika nchi hii. Mtu wa kwanza duniani kupatikana nao alikuwa mtoto mchanga wa upande wa Basankusu, katika Equateur, mwaka 1970. Kwa miaka mingi ulikuwa ugonjwa wa vijiji vya msituni, unaotoka kwa wanyama na kumfikia mtu mmoja mmoja. Mambo yalibadilika mwezi wa tisa 2023, katika mji wa wachimba dhahabu wa Kamituga, Kivu ya Kusini. Pale ilionekana aina mpya ya virusi, inayotembea kutoka kwa mtu hadi kwa mtu bila kuhitaji mnyama. Ilipita kwa njia ya ndoa na mapenzi, ikapita kwa mama anayembeba mtoto mwenye vidonda, ikapita kwa blanketi moja linalolaliwa na watoto wanne. Kutoka Kamituga ikafika Bukavu, ikafika Goma, ikavuka na mipaka. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba Mpox ni hatari kwa dunia nzima.

Mtu akisikia namna ugonjwa huu unavyosambaa, anaelewa mara moja kwa nini kambi ziliogopewa. Wataalamu wanasema usiguse ngozi ya mgonjwa, usichangie naye kitanda wala nguo, na nawa mikono kwa maji na sabuni. Katika kibanda cha watu saba, kitanda ni kimoja, na bidoni ya maji ni ya kupigania.

Mtoto wa jirani wa mama huyu alitoka vidonda kwanza usoni, halafu mikononi. Alipelekwa kwenye kituo cha matibabu, akakaa wiki kadhaa, akarudi na alama. Kabla ya kupelekwa alikuwa amecheza na watoto wote wa mstari ule wa vibanda, na mama huyu mwenyewe alimbeba mgongoni siku mbili, mama ya mtoto alipoenda kutafuta chakula.

Kwa mtu mwenye afya, Mpox inaumiza lakini mara nyingi inapona. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka, habari ni nyingine. Vidonda vinaweza kuenea mwili mzima, vikakataa kufunga, vikaingia macho na koo, na mtu akafariki. Watu wenye virusi vya SIDA wasiopata dawa, au walioachwa na dawa kwa muda mrefu, wako kati ya wale wanaotishiwa zaidi, pamoja na watoto wadogo na wamama wenye mimba. Anayekunywa dawa vizuri ana nguvu zaidi ya kupambana. Lakini mhami anajua kwamba kunywa dawa vizuri hakutegemei yeye peke yake. Barabara ikifungwa siku moja, chupa haijazwi.

Basi mama huyu alikuwa na sababu zote za kutafuta chanjo. Na chanjo ilikuja. Dozi za kwanza zilishushwa Kinshasa tarehe 5 mwezi wa tisa 2024, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 mwezi wa kumi, kazi ya kuchanja ilifunguliwa hapa Goma. Waliotangulia walikuwa wafanyakazi wa afya, halafu watu waliokaribiana na wagonjwa, na wengine walio hatarini. Dozi hazikuwa nyingi za kumtosha kila mtu, ndiyo maana ilibidi kuchagua.

Lakini timu ya chanjo ilipofika kambini, mama huyu hakwenda.

Walikuja na kipaza sauti. Waliweka meza chini ya mti, mbele ya watu, na mhamasishaji wa afya, yule tunayemwita relé, akaanza kupita kati ya vibanda akiita walio hatarini. Alifanya kazi yake kwa moyo. Alieleza kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, akarudia mara mbili kwa wazee. Alisema wanaoalikwa ni wale waliokaa na wagonjwa, na pia watu wenye magonjwa yanayoshusha nguvu za mwili, na waje waseme mezani.

Waje waseme mezani! Mama huyu alitazama mlolongo. Mbele alikuwepo mke wa kiongozi wa mtaa wao wa kambi. Nyuma walikuwepo vijana wawili wanaopenda kucheka watu. Na karani alikuwa anauliza kwa sauti, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele pembeni: "Mama, wewe uko kwenye kundi gani?"

Angeweza kusema tu kwamba alimbeba mtoto mgonjwa, na hiyo ilitosha. Lakini aliogopa swali litakalofuata, kama anameza dawa yoyote, kama ana ugonjwa wowote. Kusema uongo mbele ya muganga kulimwogopesha, na kusema kweli mbele ya kambi kulimwogopesha zaidi. Alichukua bidoni yake, akaelekea kwenye maji.

Jioni ile akasikia maneno mengine yaliyomwongezea woga. Kuna waliosema chanjo yenyewe ndiyo inaleta Mpox. Kuna waliosema wanaanza na wahami kwa sababu mhami akifa hakuna wa kuuliza. Na kuna mzee mmoja aliyewahi kuishi Butembo, aliyekumbusha mambo ya Ebola.

Maneno ya mzee huyo hayakuwa ya bure. Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 Kivu ya Kaskazini na Ituri. Chanjo ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Lakini watu wengi waliiona kazi ile kama mambo ya magari makubwa na pesa za wageni, yaliyokuja haraka huku mauaji ya Beni yakiendelea bila mtu kuyashughulikia kwa nguvu ileile. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa nne 2019 daktari wa OMS kutoka Kamerun aliuawa akiwa hospitalini, Butembo. Mtu aliyepita katika siku zile hawezi kusikia neno chanjo na kipaza sauti bila moyo kuruka.

Mtu pekee aliyecheka woga ule alikuwa koko mmoja wa kibanda cha nyuma. Alipandisha mkono wa blauzi, akaonyesha kovu la mviringo begani. "Hii ni ya ndui," akasema. "Walituchanja tukiwa watoto. Ndui iko wapi leo?" Koko alisema kweli. Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980, na baada yake chanjo yake ikasimamishwa. Kwa kuwa ndui na Mpox ni ndugu, kovu la koko bado linampa kinga kiasi. Waliozaliwa baadaye, ambao ndio wengi nchini, hawana kovu hilo.

Mama huyu alilala akifikiri juu ya kovu la koko.

Hapo ndipo turudi kwenye ile Ijumaa ya mwezi wa kwanza. Alifika hospitalini saa mbili na nusu, akaketi kwenye benchi la upande wa nyuma, lile lisilotazamana na barabara. Muuguzi wa pale anamjua. Anajua uzito wake wa mwezi wa kumi na anajua kwamba mtoto wa mwisho alipimwa na hana virusi. Anajua pia kwamba mama huyu hapendi kuitwa kwa jina mbele za watu. Kwa hiyo humwita kwa mkono.

Alimpima, akahesabu vidonge, akampatia vya miezi mitatu. Halafu akafunga mlango, akauliza taratibu: "Mama, huko kambini Mpox ilifika karibu na kwenu?"

Mama akaeleza habari ya mtoto aliyembeba.

"Na ulichanjwa?"

"Hapana, docta."

Muuguzi hakumkaripia wala hakumwuliza kwa nini. Alimwambia tu: "Chanjo iko hapa pia. Si kwa lazima. Nikueleze kwanza, halafu utaniambia ndiyo ama hapana. Ukisema hapana, dawa zako utaendelea kuzipata kama kawaida."

Hilo neno la mwisho, mama anasema, ndilo lililomfungua masikio. Alikuwa amekuja na woga kwamba akikataa kitu kimoja, atanyimwa na kingine.

Muuguzi akaeleza. Chanjo hii inaitwa MVA-BN, inatengenezwa na kampuni ya Denmark. Ndani yake mna virusi vilivyodhoofishwa hivi kwamba haviwezi kuzaliana katika mwili wa mtu. Kwa sababu hiyo haiwezi kumpa mtu Mpox, na kwa sababu hiyo pia inafaa hata kwa mwenye virusi vya SIDA. Ipo chanjo nyingine, LC16 ya Japani, inayopigwa mara moja tu na inayoweza kupewa hata watoto wadogo. Lakini ile ina virusi hai vinavyozaliana, haipewi mtu ambaye kinga yake imeshuka. "Ndiyo maana ni vizuri muganga anayekujua akuchanje," muuguzi akamwambia. "Kule kwenye meza hawawezi kujua."

Akamweleza na maumivu: mkono utauma, utavimba kidogo, labda kichwa na uchovu siku moja ama mbili. Akamweleza kwamba chanjo haizuii kila kitu, kunawa na kujitenga na vidonda kunaendelea. Na akamweleza jambo kubwa kuliko yote, kwamba sindano ni mbili. Ya kwanza leo, ya pili baada ya siku 28. Ya kwanza inaanza kujenga ukuta, ya pili inaumaliza.

"Na watoto wangu?" mama akauliza.

Muuguzi akanyamaza kidogo. Chanjo ile ilikuwa ya watu wakubwa, na OMS ilikuwa imeruhusu pia vijana kuanzia miaka 12. Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka 11. "Kwa sasa, Mama, njia ya kuwalinda watoto ni wewe usiugue," akajibu. Jibu hilo halikumfurahisha mama. Watoto ndio waliokuwa wengi kati ya wagonjwa wa Mpox kambini, na kila mtu aliona. Lakini lilikuwa jibu la kweli, na alipendelea kuambiwa kweli.

Akatoa mkono wa kushoto. Muuguzi akamchoma, akaandika kwenye karatasi: 3/1/2025. Chini yake akaandika tarehe ya kurudi: 31/1/2025. Kwenye karatasi hakuandika kitu chochote kuhusu SIDA. Mtu yeyote angeisoma angeona tu mama aliyechanjwa Mpox kama maelfu wengine.

Wapo watakaosema kwamba habari hii ni ya mtu mmoja tu. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo wahusika wa afya, mashirika na viongozi wa kambi wanapaswa kulifikiria. Mtu aliye hatarini zaidi ndiye mara nyingi anayeogopa zaidi kuonekana. Mwenye virusi vya SIDA ana siri ya kutunza, na dada anayeishi kwa kuuza mwili pembeni ya kambi vilevile. Mwenye kifua kikuu anaogopa kukimbiwa. Ukiwaita kwa kipaza sauti, watakaokuja ni majirani zao. Wao wenyewe watachukua bidoni na kwenda kwenye maji.

Watu hao, hata hivyo, wana mahali wanapokwenda tayari. Wanakwenda kuchukua dawa, kupima uzito, kupima mimba, na huko siri yao imekwisha kujulikana na inatunzwa. Chanjo ikiwekwa kwenye chumba hichohicho, kwa mkono wa mtu yuleyule, mgonjwa hatakiwi kujitangaza upya. Muuguzi naye anajua ni chanjo gani inamfaa nani. Na kuna faida ya tatu, ndogo lakini ya maana, kwamba mgonjwa wa namna hiyo anarudi. Ana sababu ya kurudi. Mtu aliyechanjwa chini ya mti na timu inayohama kesho, atamtafuta nani siku ya 28?

Hiyo haina maana kwamba meza ya kambini iondolewe. Hospitali iko mbali. Kutoka Bulengo hadi katikati ya mji ni mwendo wa masaa kwa miguu, na pesa ya moto ni chakula cha siku. Mtu asiye mgonjwa hana sababu ya kwenda hospitalini, na Mpox haichagui. Wapo pia wanaoiogopa hospitali yenyewe. Muuguzi yule wa Goma alifanya kazi Butembo wakati wa Ebola, na anasema aliwaona watu wakificha mgonjwa ndani ya nyumba kwa sababu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa. Huko alijifunza kufunga mlango kwanza na kuuliza kwa sauti ndogo. Kwa maoni yake, meza na chumba vinahitajiana: relé awaambie watu wote kwamba chanjo ipo mahali pawili, na kwamba asiyetaka kusema mezani anaweza kwenda kusema chumbani.

Baada ya hapo zilibaki siku 28.

Mahali penye amani, siku 28 ni mshahara mmoja. Mama alizihesabu kwa makala, akichora mstari mmoja kila asubuhi kwenye ubao ulioshikilia bashi. Siku ya 20 watu wa Sake walianza kumiminika Bulengo na mizigo. Siku ya 22 mabomu yalisikika karibu. Siku ya 24, ndiyo tarehe 27 mwezi wa kwanza, waasi wa M23 waliingia katika mji wa Goma. Umeme ulikatika, maji yalikatika, uwanja wa ndege ukafungwa. Hospitali za mji zilijaa majeruhi hadi kwenye korido na chini ya mahema. Watu waliokuwa wakitibiwa Mpox katika vituo walikimbia na vidonda vyao, wakajichanganya na jamaa zao.

Tarehe 31, siku ya sindano ya pili, mama alisimama mlangoni pa kibanda na karatasi mkononi. Barabara ya kwenda mjini haikuwa ya kupita mama na watoto watatu. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vidonge, akaifunga kiunoni kama zamani.

Mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Wahami waliambiwa warudi makwao. Mama alibomoa kibanda kwa mikono yake, akakunja bashi kwa sababu bashi ni mali, akaushika njia ya Sake na watoto wake. Nyumba yake kule Masisi haikuwa na paa wala mlango. Alilitandika bashi la Bulengo juu ya kuta.

Mwanzo wa mwezi wa nne vidonge vilikuwa vinakaribia kuisha. Alirudi Goma, siku mbili njiani, akalala kwa shangazi yake kule Ndosho. Hakujua kama hospitali ingali na dawa, au kama muuguzi yule bado yupo. Alimkuta. Amekonda, lakini yupo, kwenye chumba kilekile.

Muuguzi alifungua kabati, akatoa kitabu kikubwa chenye majina ya wagonjwa. Siku zile za risasi, alipoona watu wanaingia kuiba hadi kwenye maofisi, alikichukua kitabu kile nyumbani chini ya koti. Aliogopa kwamba kikiokotwa, siri za mamia ya watu zingekuwa barabarani. Alikaa nacho chini ya godoro mpaka kazi ilipoanza tena. Jina la mama lilikuwemo, na tarehe zake mbili.

Dawa za ARV zilikuwepo, si za miezi mitatu safari hii, za mwezi mmoja. Chanjo siku ile haikuwepo. Chanjo hii inatunzwa kwenye baridi kali, na baada ya siku nyingi bila umeme, friji ya idara ilikuwa tupu ikingoja mzigo mpya.

Mama aliuliza swali alilokuwa amelibeba njia nzima: "Docta, ile ya kwanza imeharibika? Nitaanza upya?"

"Hapana, Mama. Hauanzi upya. Ya kwanza bado ni yako. Umechelewa, lakini siku tutakayopata ya pili, tutakuchoma ya pili, imekwisha."

Alichukua kalamu. Pembeni ya tarehe 31/1/2025 aliandika tarehe nyingine, ile ya mama kurudi kuchukua dawa, na nambari ya simu ya shangazi. Alisema chanjo ikifika kabla ya siku hiyo, atapiga simu na kusema tu, "Nguo zimekauka." Shangazi hataelewa kitu. Mama ataelewa.

Habari hii inaishia hapo, kwa sababu mama bado anangoja simu. Lakini kuna wengi walio kama yeye, waliotoka Bulengo, Lushagala, Rusayo au Kanyaruchinya na karatasi yenye sindano moja tu. Wengine wako Masisi, wengine Rutshuru, wengine wamevuka mipaka. Kwao, maneno ya muuguzi yule yanafaa kurudiwa.

Usitupe karatasi yako. Kama umeipoteza, kumbuka hata mwezi na mahali ulipochanjiwa, useme hivyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Sindano ya pili iliyochelewa inapigwa inapopatikana, bila kurudia ya kwanza. Kama unakunywa ARV, usiache kwa kungoja chanjo. Dawa ndizo ulinzi wako wa kila siku. Ukitokwa na vidonda, usijifiche, na usimruhusu mtoto alale nawe blanketi moja. Na kama unaogopa kusema hali yako mbele ya watu, una haki ya kuomba kuongea na muganga ndani, mlango ukiwa umefungwa. Hiyo si kujivuna wala kusumbua.

Kwa wale wanaopanga kazi ya chanjo, mama huyu ana ombi moja, na alilisema akiwa anafunga karatasi yake kiunoni. Walipokuja na kipaza sauti, alisema, walifikiri wahami hawataki chanjo. "Tunaitaka. Watuulize tu fasi ambapo tunaweza kujibu."